Picha Iliyokaa Eda

Saa tatu na dakika saba asubuhi, Jumanne moja ya katikati ya Desemba, simu iliita nikiwa juu ya ngazi nabadilisha taa ya jikoni. Nakumbuka muda kwa sababu niliutazama kabla ya kupokea. Mpigaji alikuwa mdogo wake fundi wa viti vya magari niliyewahi kumpiga picha, na tangu fundi afariki nilikuwa naogopa kidogo kila nilipoona namba ya nyumba ile.

"Braza, uko wapi?"

"Nyumbani, Rau."

"Njoo Soweto. Na uje umeshakunywa chai, maana leo huku hupewi."

Nikamuuliza kuna nini.

"Kaka yangu yuko barabarani. Tumemzika mwezi wa kumi, leo nimemkuta ananing'inia juu ya wauza viatu, anatabasamu. Na shemeji ameshaambiwa."

Hakuwa anatabasamu. Katika picha ile fundi hatabasamu hata kidogo, na ndiyo sababu nilimchagua yeye kwa ajili ya bango. Lakini haikuwa saa ya kubishana. Nilishuka kwenye ngazi, nikaiacha taa bila kuibadilisha, nikatoka.

Nieleze bango lilitoka wapi. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kupiga video za harusi, sendofu, kipaimara na misiba, mjini Moshi na vijijini mlimani. Sikusomea. Nilijifunza kwa kuharibu kanda za watu wachache waliokuwa wavumilivu, kisha kwa kusoma chochote nilichokipata, kwanza maktaba, baadaye kwenye mtandao. Nilipokuwa nahariri harusi niligundua kwamba vipande nilivyokuwa navitupa ndivyo nilivyovipenda. Bibi harusi ameketi anasubiri gari. Baba mkwe anatazama sahani yake kabla hajaanza kula. Mtu ambaye hajui kama kamera bado inaenda. Nikaanza kuvihifadhi, na baada ya muda nikaanza kuvitengeneza kwa makusudi. Nilisoma kwamba kuna watu katika nchi nyingine wanaofanya hivyo na kuviita sanaa: mtu mmoja, kamera moja isiyosogea, hakuna hadithi, hakuna muziki. Sikuwaona wakifanya. Nikatunga utaratibu wangu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtu anakaa mahali anapofanyia kazi, lakini hafanyi kazi. Anaitazama kamera, au anatazama anapotaka, mradi asiongee. Pembeni, mahali ambapo kamera haioni, naweka jiko la mkaa na birika la maji. Maji yakichemka, picha imekwisha, na tunakunywa chai. Nilitumia birika kwa sababu mtu aliyekalishwa kwa saa ya ukutani huanza kuhesabu, na anayehesabu huonekana usoni. Anayesubiri maji yachemke anakuwa kama yupo peke yake. Mjini picha zangu ni ndefu kuliko za mlimani, kwa kuwa juu maji huchemka kabla hayajafikia joto la huku chini, isipokuwa mkaa ukiwa mbichi.

Fundi alikuwa mtu wa nane niliyempiga picha. Alikuwa akishona viti vya magari katika karakana yake iliyoungana na nyumba, mtaa wa Soweto hapa Moshi. Familia ya Kiislamu ya mjini, baba mwenye asili ya mbali ya Kiarabu, mama Mpare. Nilimfahamu kwa sababu alinitengenezea mkoba wa kamera kwa ngozi bandia iliyobaki kwenye kiti cha basi. Nilipomweleza ninachotaka, alinitazama, akatazama jiko.

"Nikae tu?"

"Ukae tu."

"Hii ni picha au adhabu?"

Alikaa juu ya kiti cha lori ambacho hakijavalishwa, sponji ikionekana, mikono juu ya magoti. Alikaa vizuri kuliko wote. Wengine huigiza kidogo mwanzoni kisha huchoka. Yeye alikaa kama mtu aliyeletewa habari na anaendelea kuifikiria. Karibu na mwisho, birika lilipoanza kuguna, aligeuza uso kushoto, akasema, "Naja," kisha akarudi kunitazama. Sikumkatiza. Nilidhani mteja amemwita getini.

Wiki tatu baadaye alianguka akiwa anavuta ngozi juu ya kiti, akafa kabla hajafikishwa popote. Alizikwa siku ile ile alasiri. Mimi nilikuwa Machame kwenye harusi, simu nimeizima kama kawaida yangu ninapopiga. Nilipoiwasha alikuwa ameshafunikwa.

Desemba ni mwezi ambao watu wetu wanarudi kutoka Dar na Arusha na kwingineko, na Moshi inajaa. Nilikuwa nimekodi ukumbi mdogo na projekta kwa Jumamosi moja kabla ya Krismasi, nionyeshe picha zote kumi na mbili mfululizo. Nilihitaji bango. Nikachukua fremu ya fundi, nikaipeleka ichapwe kwenye turubai la mita mbili, nikalining'iniza mwenyewe Jumatatu jioni juu ya barabara ya wauza viatu.

Mimi ni mtu wa Machame, Mlutheri. Kwetu mtu akifa, picha yake hutangulia. Inachapwa kubwa, inawekwa mbele ya gari la jeneza, inasimamishwa uani, watoto wanavaa fulana zenye uso wake, na baada ya maziko inabaki ukutani sebuleni. Kuitoa sura ya mtu hadharani ndiko kumheshimu. Nililining'iniza bango lile nikiamini namfanyia fundi jambo jema. Wazo kwamba mke wake yuko ndani ya eda, na kwamba nyumba ile haina hata picha moja ya mtu ukutani, halikunijia. Nilijua yote mawili. Sikuyaweka pamoja.

Nilianzia kwa wauza viatu. Niliazima ngazi, nikapanda, nikaanza kukata kamba.

"Mzee, mbona unamshusha?" aliuliza mmoja. "Jamaa alikuwa analinda viatu."

"Tangu asubuhi hajaibiwa mtu," akasema mwenzake.

Nikalikunja bango uso ukiwa ndani, nikalifunga kwa kamba zilezile, nikaenda nalo.

Mdogo wake fundi alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye anayeendesha karakana sasa. Alilitazama furushi begani kwangu.

"Umemleta?"

"Nimelileta bango."

"Haya, mwingize. Si nyumba yake?"

Sebule ilikuwa na pazia zito lililogawa chumba. Upande wetu tulikaa mimi na yeye. Upande wa pili alikuwa mjane na shangazi wa marehemu, mama mzee aliyekuja kukaa naye hadi eda iishe. Nilimwamkia shangazi nikiwa nimeelekea pazia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiyenitaka. Nikasema pole zangu upya. Nikaeleza kuhusu bango, kwa nini nililiweka, na kwamba nimelitoa.

Nilikuwa namfahamu mjane kabla hajawa mjane. Ni binti wa Kibosho, wa familia ya Kikatoliki ya wakulima wa kahawa, aliyesilimu alipoolewa. Alikuwa mcheshi. Sauti iliyotoka nyuma ya pazia ilikuwa ileile lakini ya chini.

"Shemeji, hilo bango limeandikwa nini?"

Nikamwambia: jina la maonyesho, siku, saa na ukumbi.

"Kwa hiyo Jumamosi utamwonyesha tena."

"Nilipanga hivyo. Nimekuja kukuomba."

"Mimi natoka mwezi wa pili," akasema. "Wewe ni mtu wa kihambani kama mimi, utanielewa. Kwetu baba yangu amelala pale pale shambani, chini ya migomba. Ukitoka kukata majani ya ng'ombe unampita. Hahami. Huyu wa kwangu wamemchukua mchana, wakaenda naye wanaume, na mimi mahali penyewe sijapaona. Sijui yuko upande gani ndani ya ukuta wa makaburi. Aliyebaki ni huyo uliye naye wewe kwenye mashine. Sasa akitoka huyo naye, akazungukazunguka mjini, na mimi bado nimo humu ndani, nikitoka nitamkuta wapi?"

Shangazi akanong'ona jambo. Mjane akamjibu kwa heshima kwamba anajua, lakini anasema anachokisikia moyoni.

Mdogo wake fundi aliniegemea. "Ningekuwa mimi ningeifuta," akasema polepole. "Picha ya marehemu ina kazi gani? Inawasumbua tu."

"Nimekusikia, shemeji," ikasema sauti ya nyuma ya pazia. "Haifutwi."

"Mimi nimesema ningekuwa mimi."

"Aliyeolewa naye si wewe."

Nadhani mdogo wake fundi alitaka kucheka, lakini hakucheka.

Mjane aliuliza kama anaweza kuiona. Hakuwahi kuiona, fundi alikuwa amemwambia tu kwamba kuna mzee wa Rau amemkalisha kama gunia. Kompyuta nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikaifungua, nikaitayarisha, nikaipitisha chini ya pazia, na mkono wa shangazi ukaipokea.

Nimeonyesha picha zangu kwa watu wengi na huwa natazama nyuso zao. Siku ile sikuona uso. Nilisikia tu. Nilisikia mkaa ukipasuka, pikipiki zikipita nje ya karakana, cherehani ya jirani. Kwa sauti hizo nilijua mjane yuko wapi katika picha: hapa mume wake ameshusha bega la kulia, hapa amefinya macho kidogo kwa sababu ya moshi, hapa amemeza mate. Kisha birika likaguna. Kisha sauti ya fundi ikasema "Naja" katika nyumba yake mwenyewe, na mdogo wake aliyekuwa ameketi kando yangu akainuka nusu, halafu akaketi tena, akajifanya anaweka sawa kanzu.

Picha ikaisha. Ikaanza tena. Ikaisha mara ya pili.

"Alikuwa anamjibu nani?" mjane aliuliza.

"Nadhani mteja."

"Sijasikia mtu akimwita."

Nikasema nitaangalia. Nilimwachia flashi yenye picha ile, kwa kuwa televisheni yao ilikuwa na tundu la kuiweka. Aliomba pia bango. Nilidhani atasema lichomwe. Shangazi alilivuta chini ya pazia, na nilisikia turubai likifunguliwa, halafu baada ya muda likikunjwa tena.

"Sasa utalala na mita mbili za kaka, shemeji?" mdogo wake alisema.

"Mwenyewe hakufika hata mbili," akajibu. Safari hii shangazi ndiye aliyecheka, kidogo, akajizuia.

Nilirudi Rau nikafanya kama nilivyoahidi. Nilivaa spika za masikioni nikaisikiliza dakika ile ya mwisho, kwanza kama ilivyo, kisha nimepunguza sauti za chini za pikipiki, kisha nimepunguza za juu za birika. Niliitazama sauti yenyewe kwenye kioo, mistari yake, sehemu kwa sehemu. Kuna mkaa. Kuna cherehani, inasimama, inaendelea. Kuna mimi nikihamisha mguu. Hakuna anayeita. Fundi anageuka kama mtu aliyesikia jina lake kwa uwazi kabisa, upande ambao hauna mlango, kuna ukuta wenye ngozi zilizotundikwa. Sina maelezo ya jambo hilo. Nimelijaribu kwa kila njia ninayoijua na naliandika hapa kama nilivyolikuta.

Kuondoa picha moja kati ya kumi na mbili lilikuwa jambo linalowezekana, na nilikaa siku nzima nikilijaribu. Niliiunganisha ya saba na ya tisa. Ya saba ni mama muuza ndizi wa sokoni, ya tisa ni mlinzi wa usiku. Zilipokutana, mlinzi alionekana amekaa mahali ambapo mtu mwingine ameondolewa. Labda ni mimi tu niliyeona hivyo. Lakini mafundi wa mtaa ule walikuwa wameshaliona bango na walikuwa wanakuja kumwona mwenzao. Wangekuja, wangeuliza yuko wapi, na jibu lingekuwa kwamba mke wake amemzuia, na maneno hayo yangemfikia ndani ambako hawezi kutoka kuyajibu. Nikaahirisha yote. Nikampigia mwenye ukumbi.

"Krismasi hii?" akasema. "Unajua nimekataa kipaimara kwa ajili yako?"

Nikamwambia najua. Nikamwuliza kuhusu malipo ya awali.

"Malipo ya awali yanaitwa hivyo kwa sababu yalikuja awali, kaka. Yameshakwenda."

Wiki zilizofuata nilikwenda Soweto mara kwa mara, kununua kitu kisicho na maana karakana, kuuliza hali. Mdogo wake fundi ndiye aliyenipa habari. Alisema kila asubuhi shemeji yake anabandika birika jikoni na kuwasha televisheni. "Linachemka la humu na linachemka la kwenye TV," alisema. "La humu likitangulia, anamsubiri kaka amalize ndipo anamimina." Alisema pia kwamba yeye mwenyewe, akiwa karakana, akiisikia ile sauti kupitia ukutani, anaacha anachokifanya. Hakusema kwa utani. Akaongeza kwamba kile kiti cha lori mwenyewe hajaja kukichukua, na hakuna anayekikalia.

Nyumbani kwangu mambo hayakuwa tofauti sana. Nilikuwa na kazi za harusi za kuhariri, na kila nilipowasha kompyuta nilianza na wale kumi na wawili, kuhakikisha wapo. Nilikuwa nikijiambia ni ukaguzi wa mafaili. Asubuhi, ukungu wa msitu wa Rau ukiwa bado kwenye migomba ya jirani, nilikuwa naona kwamba wanapumua na mimi nimesahau kupumua. Niliacha kutumia lile birika. Nilinunua la umeme, ambalo linazima lenyewe.

Katikati ya Februari eda iliisha. Nilisikia kwamba mjane ameoga, amevaa nguo mpya, na kwamba siku hiyohiyo shemeji yake alimpeleka hadi nje ya ukuta wa makaburi akamwonyesha upande. Siku iliyofuata alinipigia mwenyewe.

"Shemeji, nataka umlete Kibosho."

"Nimlete?"

"Tangu afe hajafika kwetu. Mama yangu hakuweza kushuka, miguu. Mlete, umwonyeshe mama. Ndiyo siku ya kwanza ya kutoka kwake."

Tulipanda Jumapili baada ya misa ya pili: mimi, mjane, na mdogo wake fundi aliyekuwa amesema haji kisha akawa wa kwanza garini. Projekta niliikodi mjini pamoja na jenereta, kwa sababu umeme wa huko haukuwa wa kutegemea. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na mahali pekee penye giza pale kihambani, kwenye shamba lao la ukoo, palikuwa stoo ya kahawa, chumba cha mbao kisicho na dirisha nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la baba lililosakafiwa kwa saruji. Tulitundika shuka jeupe juu ya magunia. Mama mkwe wa fundi aliletwa kwenye kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaniuliza kama ndiye mimi niliyembeba mkwe wake.

"Ndiye mimi, mama."

"Aika," akasema, akinishukuru kwa Kichaga. "Anza."

Nilianza. Fundi akatokea kwenye shuka, ukubwa wa mtu, juu ya magunia yenye harufu ya kahawa kavu. Mama mkwe akasogeza kiti chake mbele kidogo, akamwamkia. Hakuona ajabu kwamba hajibu. Akaanza kumpa habari kwa Kiswahili chake cha kihambani, ili amwelewe. Ng'ombe amezaa, jike. Kahawa ya mwaka huu ni chache. Mbuzi aliyemwagiza fundi amletee sikukuu iliyopita hakufika, lakini asiwe na wasiwasi, amesamehe. Yule jirani aliyekuwa anasogeza mpaka ameacha. Alinyamaza pale alipofikiri fundi anahitaji muda wa kufikiri, akaendelea. Nimepiga picha kumi na mbili kwa sheria kwamba anayepigwa asiongee, na sikuwahi kuwaza kwamba anayetazama anaweza kuongea.

Mdogo wake fundi alikuwa ameketi juu ya gunia, mikono juu ya magoti, kama kaka yake. Mjane hakumtazama mume wake. Alimtazama mama yake muda wote.

Ilipokwisha, mama mkwe alisema ale basi, asiondoke na njaa, na wote tukatoka kwenye mwanga, tukapewa mtori wa ndizi. Mjane alinifuata nilipokuwa nakunja waya.

"Umemsikia mama? Amemkaribisha."

"Nimemsikia."

"Basi ameshafika kwetu. Nikimtaka najua nitamkuta hapa." Alikuwa ameshika ncha mbili za shuka, akanipa mimi mbili nyingine, tukalikunja pamoja. "Hao wengine waonyeshe unakotaka. Na yeye. Mimi simzuii tena."

Nilimshukuru. Wakati huo watu wa Dar walikuwa wamesharudi Dar, na ukumbi ulikuwa umekodishwa hadi Pasaka. Maonyesho hayakufanyika mwaka ule. Ukijumlisha malipo ya awali ya ukumbi, bango, na projekta niliyoikodi mara mbili nikaitumia mara moja, nilipoteza shilingi laki sita na elfu kumi na tano.